Kikosi Kazi cha Jogoo Husika

"Wananchi wote wa Mtaa wa Parachichini mnatangaziwa kwamba, kuanzia sasa, kuku wenu wanatambuliwa!"

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka mgongoni mwa pikipiki, likazungushwa mtaa mzima kuanzia kanisani hadi kwenye korongo, na pale kwa wauza ndizi likarudiwa kwa sababu mara ya kwanza hawakunyamaza. Msomaji alikuwa Mtendaji wa Mtaa mwenyewe, Ephraimu Sakaya, amekaa nyuma ya dereva wa bodaboda, mgongo umenyooka kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mpango wa Ufugaji Tambuzi Mjini, alieleza, ulikuwa umeichagua Parachichini, kati ya mitaa yote ya jiji la Arusha, kuwa mtaa wa mfano. Mgeni rasmi atakuja kuuzindua. Wananchi wajitokeze kwa wingi, kwa usafi na kwa furaha.

"Na kivuko je?" mama mmoja alipaza sauti kutoka dirishani.

"Kivuko kiko kwenye mchakato," kilijibu kipaza sauti, na pikipiki ikakata kona.

Kivuko chenyewe kilikuwa cha mbao, cha kuvukia korongo kwenda shuleni. Mvua za masika za mwaka jana zilikisomba, na tangu hapo watoto walikuwa wakishuka korongoni viatu mkononi. Binti wa mama mmoja fundi cherehani, Sinyati, aliwahi kuchukuliwa na maji, akanaswa kwenye mzizi wa mgunga, akavutwa nje akiwa hana begi wala kiatu. Sinyati alikwenda ofisi ya mtaa tena na tena. Tuseme ukweli, Ephraimu hakuwa mtu mbaya. Kila mara alimpa kiti. Kila mara alimwambia suala lake limepokelewa. Na kweli lilikuwa limepokelewa. Hakuna ofisi iliyopokea mambo vizuri kama ile.

Ila sasa Ephraimu alikuwa na jambo kubwa zaidi. Uzinduzi ukienda vizuri, angeweza kupandishwa kwenda kwenye kata. Mkewe alishaanza kuwaambia majirani kwamba hawatakuwepo sana.

Mtaa wa mfano lazima uwe na nyumba ya mfano, na hapo hapakuwa na ubishi. Kote Parachichini kuku walilala jikoni, chini ya kitanda, au juu ya tangi la jirani. Nyumbani kwa Mama Hanna tu ndiko walikokuwa na banda la maana: mbao zilizonyooka, wavu imara, komeo la chuma, fito za kulalia, viota vyenye nyasi kavu. Mama Hanna alikuwa mkunga mstaafu, Mmeru wa kule juu mlimani, na nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Jambo hilo lilimfanya asiwaogope watu wazima, kwa kuwa aliwakumbuka wengi wao walivyoanza.

Tatizo lilikuwa jogoo.

Alikuwa mwekundu, shingo ya rangi ya asali, mkia mweusi unaomeremeta kijani, na kipi, ule mwiba wa mguuni, kirefu kama kidole cha mtoto. Mama Hanna alimpa jina la Mwenyekiti, kwa maelezo kwamba anaamka mapema, anasema sana, na mayai wanataga wengine.

Ephraimu alikwenda kukagua akiwa na Nancy, afisa kijana kutoka makao makuu ya Mpango, mwenye buti mpya na kofia yenye nembo ya yai. Alipiga hodi, akasukuma geti, akaingia hatua chache. Jogoo alisimama kula. Akainamisha kichwa, akashusha bawa moja, akaja ubavuubavu, taratibu, kama mtu aliyekuja kuuliza jambo dogo tu.

"Anatupokea," alisema Ephraimu, akarudi nyuma kidogo.

Hilo la kurudi nyuma ndilo lililoharibu. Jogoo aliruka na miguu yote miwili mbele. Ephraimu alisema mguu niponye, akauzunguka mgomba, akaukosa upenyo wa geti, akauzunguka tena, na alipotokea barabarani suruali yake ya kaki ilikuwa na dirisha nyuma ya goti. Vijana wa bodaboda walikuwepo.

"Oya, dingi kakung'utwa na kuku!" mmoja alitangaza, bila kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia.

Mama Hanna alitoka jikoni na sufuria mkononi. Aliiweka chini, akamwendea jogoo moja kwa moja bila kupepesa, akamwinamia, akamkumbatia chini ya kwapa huku akimsemesha Kimeru. Jogoo akafumba macho nusu, kama mtoto aliyeshiba.

"Shikamoo mama," alisema Ephraimu kutoka nje ya geti.

"Marahaba mwanangu. Amekuumiza?"

"Hapana. Nilikuwa naangalia mipaka ya kiwanja."

"Ulimkimbia. Ukimkimbia anajua wewe ni mwizi, na ukimpiga teke anakuwekea kinyongo. Yeye mwendee tu, mbebe, zunguka naye kidogo. Mwisho anachoka kujiona mkubwa."

Ephraimu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Aliona kwamba ushauri ule ulikosa ngazi za utekelezaji.

"Mama, kwa nini usimchinje tu? Mambo yaishe."

"Nimchinje!" Mama Hanna alimkumbatia zaidi. "Kabla yake mwewe alikuwa anachukua vifaranga mchana kweupe, usiku anakuja kicheche. Tangu huyu akue, hakuna kifaranga kilichoibwa hapa. Siku moja nilimkuta anapigana na kicheche, damu hadi machoni, na kuku wote nyuma yake. Wewe mwanangu, akija usiku kicheche hapo ofisini kwako, utasimama mbele?"

Aliyejibu ni Nancy, aliyekuwa ameparamia ukuta tangu jogoo aliporuka, na alijibu kutoka hukohuko.

"Hata hivyo hawezi kuchinjwa. Ameshatambuliwa. Kuku aliyetambuliwa hachinjwi kabla ya uzinduzi bila idhini ya Mratibu Mkuu."

"Na Mratibu Mkuu tunampata wapi?"

"Ndiye mgeni rasmi."

Kwa hiyo likaundwa jambo la busara pekee lililobaki, yaani Kikosi Kazi.

Kikao cha kwanza kilikwama mwanzoni kabisa. Nancy alisoma taarifa ya tukio kwamba Mwenyekiti alimrukia Mtendaji, akamchania suruali, kisha akapanda juu ya pipa na kuwika. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Aminiel, aliyekuwa anasinzia kichwani pa meza, aliamka na kutaka kujua ni lini alifanya hivyo na kama kulikuwa na mashahidi. Mjadala ulichukua asubuhi yote. Ikaazimiwa kwamba, ili kulinda heshima ya vyeo, mnyama huyo hataitwa tena kwa jina lake, bali ataitwa Jogoo Husika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi. Jogoo Husika aliitwa ofisini kujieleza, hakutokea. Akaitwa tena kwa msisitizo. Hakutokea kwa msisitizo uleule. Ndipo Kikosi Kazi kikaamua kwamba kama mlengwa hafuati huduma, huduma imfuate mlengwa. Ikaandaliwa semina elekezi nyumbani kwa Mama Hanna, mada ikiwa Maadili, Utulivu na Mapokezi ya Wageni.

Semina ilifana. Wajumbe walipanga viti nje ya uzio, kwa sababu za kiusalama, na Ephraimu akatoa mada kupitia kipaza sauti. Jogoo Husika alisimama juu ya pipa akisikiliza, na kila Ephraimu aliposema "kwa mantiki hiyo" yeye aliwika. Wajumbe walisema anashiriki vizuri. Walikunywa soda, wakala sambusa, wakapiga picha ya pamoja huku mlengwa akionekana kwa mbali, na Nancy akatuma taarifa juu: katika muda wote wa semina hakushambuliwa mtu hata mmoja, kwa hiyo Jogoo Husika amebadilika kwa kiwango cha kuridhisha.

Ephraimu aliisoma taarifa ile mara kadhaa. Kila alipoisoma aliiamini zaidi. Ilipofika jioni alikuwa anawasimulia watu jinsi alivyombadilisha jogoo, na sauti yake ilitetemeka kidogo kwa unyenyekevu.

Siku moja kabla ya uzinduzi Mama Hanna alimfuata ofisini.

"Mwanangu, kesho nitamfunika kwenye tenga. Wageni wakiondoka ndiyo nimfungulie."

"Hapana mama, hapana!" Ephraimu alisimama. "Tumeshaandika kwamba amebadilika. Mgeni rasmi anataka kumwona akiwa huru. Ukimfunika, taarifa itakuwa ya uongo."

"Sasa nisipomfunika?"

"Itakuwa ya kweli."

Mama Hanna alimtazama kwa muda, kama alivyozoea kuwatazama wanaume waliokuja wodini kuuliza kama uchungu hauwezi kusogezwa hadi wiki ijayo. Akavaa kandambili zake, akaondoka.

Siku ikafika. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni, jambo ambalo Ephraimu aliliandika kama sehemu ya maandalizi. Turubai lilifungwa barabarani, kwaya ya akina mama iliimba, watoto walishikishwa bendera zenye picha ya yai. Gari refu jeupe lilipanda taratibu, likasimama, akashuka Mratibu Mkuu wa Ufugaji Tambuzi, Mheshimiwa Richard Lemburis, mtu mnene, mchangamfu, mwenye viatu vinavyong'aa hata ukajiona.

Alihutubia. Alisema kuku wa zamani alikuwa kuku tu, lakini kuku wa leo ni mdau. Alisema amefurahishwa sana na habari za jogoo aliyekuwa mkorofi na sasa ni raia mwema, na kwamba atalipeleka jambo hili mbele kama mfano wa uongozi. Hapo alimwonyesha Ephraimu kwa mkono mzima, na mke wa Ephraimu, mstari wa mbele, akafuta jicho.

Kisha wakaingia uani kukata utepe. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni mwa banda. Walitangulia watatu, Mheshimiwa, Ephraimu na Nancy. Wananchi walibaki getini, kwa sababu wananchi walimjua jogoo. Mama Hanna alisimama kwenye kizingiti cha jiko, mikono kifuani.

Jogoo Husika alikuwa anaparua chini ya migomba. Aliinua kichwa.

"Ndiye huyu?" Mheshimiwa alitabasamu. "Tupigeni picha naye."

Jogoo akashusha bawa, akaanza kuja ubavuubavu.

"Mheshimiwa," Ephraimu alinong'ona, na ghafla alikumbuka kila neno la Mama Hanna, "usirudi nyuma."

Mheshimiwa akarudi nyuma.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kiatu kimoja kinachong'aa kilibaki chini ya mgomba. Geti lilikuwa upande wa jogoo. Upande wa pili palikuwa na banda tu. Mheshimiwa aliukata utepe kwa kifua, akazama ndani, Nancy akafuata, Ephraimu akaingia wa mwisho, akavuta mlango, akalipiga komeo. Kuku waliokuwa wanataga walilalamika, kisha wakasogea kuwapa nafasi.

Jogoo Husika alilizunguka banda mara moja, kwa ukaguzi. Akapanda juu ya jiwe mbele ya mlango, akawika. Dereva wa Mheshimiwa alijitosa na fimbo kuokoa jahazi. Alirudi bila fimbo, akajifungia garini, akapandisha vioo.

Mama Hanna alishuka kizingitini. Alikuwa ameshainama kumbeba jogoo pale Sinyati alipopenya kati ya watu getini na kumshika kanga.

"Mama," alisema polepole, "ngoja kwanza. Usimbebe."

Mama Hanna alimtazama Sinyati. Alilitazama banda. Akajinyoosha, akashika kiuno.

"Mgongo," alisema, "siku hizi hauinami vizuri."

Sinyati alichukua kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya wavu, pembeni ya jogoo, naye jogoo hakumjali kwa kuwa alimwendea bila woga. Akaketi. Akamwita binti yake asimame karibu.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba," ilitoka sauti bandani. "Mtoeni huyu kuku!"

"Atatolewa, Mheshimiwa. Suala limepokelewa." Sinyati aliiweka vizuri sketi yake. "Mimi naitwa Sinyati. Nina shida ya kivuko."

Ephraimu alikuwa amekaa kwenye fito, magoti karibu na masikio, tetea mmoja amekalia kiatu chake. Hadithi ya kivuko alikuwa ameisikia mara nyingi, lakini daima akiwa na meza katikati na simu ya kuangalia. Sasa hapakuwa na meza. Sinyati alieleza jinsi alivyosikia makelele ya watoto, jinsi alivyokimbia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, jinsi alivyoona mkono mdogo umeshika mzizi. Binti alisimama, vidole vyake vimeshika wavu, akimwangalia Ephraimu. Wala hakumwangalia kwa hasira; alimwangalia kama mtu anavyomwangalia kuku.

Nyuma ya Sinyati watu walianza kupanga foleni. Haijawahi kuonekana foleni iliyonyooka hivyo Parachichini.

"Kivuko hiki ni kazi ya nani?" aliuliza Mheshimiwa, akijifuta bega.

"Si ya kwangu," alisema Nancy.

"Maombi niliyapeleka juu," alisema Ephraimu. Kisha, kwa sababu binti alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Niliyapeleka, halafu sikuyafuatilia."

Mheshimiwa alitoa simu. Alimpigia bwana mmoja wa ujenzi, akaweka spika, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa unamzuia tetea asipande begani.

"Mbao za kivuko cha Parachichini?" ilisema sauti ya simu. "Zipo stoo, Mheshimiwa, tangu mwaka jana. Na misumari ipo."

"Zinasubiri nini?"

"Zinasubiri mgeni rasmi. Hatuwezi kujenga bila mtu wa kuweka jiwe la msingi. Samahani Mheshimiwa, mbona nasikia kuku? Uko wapi?"

"Niko ziarani!" alifoka Mheshimiwa. "Zileteni leo. Sasa hivi!"

Getini watu walipiga makofi, lakini hakuna aliyesogea. Sinyati alishukuru, akainuka, akampisha mzee aliyefuata kitini, mwenye habari za bomba lililopasuka. Baada yake akaja kijana wa taa za barabarani. Mheshimiwa alipiga simu hadi chaji ikamwishia, akachukua ya Nancy. Kufikia mchana alikuwa amejifunza majina ya watu na anauliza maswali ya maana, na alipoletewa chai na mkate kupitia tundu la kuingizia pumba, aliipokea kwa mikono miwili.

Lori la mbao liliposikika likipanda mlima, Mama Hanna alikwenda getini kuhakikisha kwa macho yake. Aliliona, likiwa limejaa. Akarudi, akainama bila shida yoyote, akambeba jogoo kwapani.

"Karibuni nje," alisema.

Taarifa rasmi ya siku ile ilieleza kwamba uzinduzi ulifana, na kwamba mgeni rasmi alipata fursa ya pekee ya kukaa kwa karibu na kuku na wananchi. Ephraimu ndiye aliyeiandika, na kwa mara ya kwanza hakulazimika kutia chumvi. Kivuko kilijengwa bila jiwe la msingi. Mafundi walipomaliza, watoto walivuka, basi, bila hotuba.

Habari haina miguu lakini inatembea. Wakaja wajumbe wa mtaa wa jirani, wamevaa vizuri, wakaomba kuazima jogoo. Walikuwa wanatarajia ugeni. Wakaja wengine kutoka upande wa Kaloleni, na wengine kutoka Sokon I. Mama Hanna aliwakaribisha wote chai, na wote aliwapa jibu moja.

"Jogoo haazimwi. Ana familia. Ila mayai yapo. Nendeni mkatotoleshe wa kwenu."

Wakawa wanatoka getini na vikapu vyenye nyasi, wakitembea kwa uangalifu kama wamebeba watoto wachanga.

Jioni moja, wanunuzi wakiwa wameshaondoka, Ephraimu alibisha hodi. Hakuwa na kofia wala jalada. Alisalimia, akaulizia mgongo, akasifia migomba, akaulizia mgongo tena.

"Sema, mwanangu," alisema Mama Hanna.

"Nilikuwa nataka mayai, mama. Machache tu."

"Ya kula au ya kutotolesha?"

Ephraimu aliangalia barabarani, kulia na kushoto. Akashusha sauti.

"Ya kutotolesha, mama. Na mimi nina mabosi."